Mjadala: Je, takwimu za ugavi zinatosha kusema Mcheki anamshinda Mjerumani kwa bia?

Mpima Shayiri
Ndugu wachangiaji, kila mwaka tunasomewa kwamba Ucheki inaongoza duniani kwa takribani lita 130 za bia kwa kila mtu kwa mwaka, ilhali Ujerumani, nchi inayosifika kwa bia kuliko zote, imebaki na lita 90 hivi. Hesabu za ugavi, kama zile za mizania ya chakula zinazotolewa na FAO, shirika la chakula na kilimo la Umoja wa Mataifa, hazimuulizi mtu yeyote amekunywa nini. Huchukua bia iliyozalishwa nchini, huongeza iliyoingizwa, hutoa iliyouzwa nje, hurekebisha akiba ya maghalani, kisha hugawanya kwa idadi ya watu wote, mtoto mchanga akiwemo. Kwa hiyo bia iliyomwagika, glasi ya mtalii aliyeko Prague na kreti aliyonunua Mjerumani wa mpakani akaivusha hadi kwake, vyote huandikwa kwa jina la Mcheki. Naona pengo hilo ni kubwa kwenye karatasi kuliko lilivyo mezani.

Mkazi wa Brno
Yamenichoma maneno "inayosifika kwa bia kuliko zote". Bia ya rangi ya dhahabu inayoitwa pilsner, ambayo Wajerumani wenyewe wanaipenda sana, ilizaliwa katika mji wetu wa Plzeň, hapa Ucheki, mwaka 1842. Miaka minne kabla ya hapo wenyeji walichoshwa na bia mbovu hata wakaimwaga mapipa kwa mapipa mbele ya jumba la mji. Watu wenye kuijali bia namna hiyo hawahitaji watalii wawajazie takwimu. Ingia baa yoyote ya mtaani huku: mhudumu huchora mstari kwenye kikaratasi kilichopo mezani kwa kila nusu lita anayoleta, na glasi ikiisha huleta nyingine bila kuagizwa, mpaka uifunike kwa kile kikaratasi kigumu cha kuwekea glasi.

Mwanafunzi wa Munich
Ndugu wa Brno, aliyeipika bia hiyo ya 1842 ni Josef Groll, Mbavaria wa mji wa Vilshofen, kusini mwa Ujerumani ya leo, na watu wa Plzeň walimwajiri kwa sababu aliijua laga, yaani bia inayochachushwa kwenye baridi, ya Bavaria. Hilo lisifichwe. Tena takwimu rasmi za mauzo ya bia nchini Ujerumani haziingizi bia isiyo na kilevi, ambayo huku hunywewa kwa wingi, hata na wanamichezo wakimaliza mazoezi. Mnalinganisha nchi mbili kwa vibaba visivyofanana, kisha mnatuambia tumeshindwa.

Karani wa Hesabu
Naomba turudi kwenye namba. Tuseme wageni milioni 7 wafike Prague kwa mwaka na kila mmoja anywe lita 5: hizo ni lita milioni 35, na ukizigawa kwa Wacheki karibu milioni 11 unapata lita 3 tu kwa kichwa. Oktoberfest nayo, ile sherehe ya bia ya Munich, pamoja na sifa zake zote na lita zake takribani milioni 7, ukiigawa kwa Wajerumani milioni 84 haifiki hata sehemu ya kumi ya lita. Watalii, basi, hawawezi kulifunika pengo la lita 40. Kinachonitia shaka zaidi ni wahesabuji. Kwa mwaka 2022, kampuni ya bia ya Kirin ya Japani iliwaandikia Wacheki zaidi ya lita 180, wakati wenye viwanda wa Ucheki walitaja chini ya 140. Tofauti hiyo, kwa taifa lile lile na mwaka ule ule, inazidi pengo lenyewe tunalobishania.

Mkazi wa Brno
Groll alikuja na ujuzi, hakuja na maji laini ya Plzeň wala hopsi (maua yanayoipa bia uchungu) za Žatec, mji wetu mwingine, na bila hivyo angepika bia ya kwao tu. Mkataba wake ulipoisha mwaka 1845 haukuongezwa, akarudi Vilshofen, na bia ikabaki Plzeň.

Mpima Shayiri
Ndugu zangu, hata tukimpa Groll uraia wa nchi zote mbili, ugavi haubadiliki. Nimuulize Karani: katikati ya miaka ya 1970 Ujerumani Magharibi ilifikia takribani lita 150 kwa kila mtu, kiwango kinachozidi hizo lita 130 za Wacheki. Je, tulinganishe nchi, au tulinganishe nyakati?

Mwanafunzi wa Munich
Uraia upi? Mwaka 1842 Plzeň ilikuwa Bohemia, eneo lililo leo ndani ya Ucheki, chini ya Dola la Austria, Vilshofen ilikuwa katika Ufalme wa Bavaria, na dola la Ujerumani lilikuja kuundwa mwaka 1871. Aliyeanza kuigawa bia hiyo kwa mataifa ya leo ni Ndugu wa Brno, na namtaka alijibu hilo kwanza kabla hatujaendelea na lita.