Kupiga picha majengo ya kale na maghorofa mapya, Mtaa wa Samora

Swali: Ndugu zangu, ningependa kupiga picha za Mtaa wa Samora na viunga vyake jijini Dar es Salaam, zikionyesha majengo ya enzi za Wajerumani pamoja na maghorofa ya vioo, lakini kila nikiinua kamera ghorofa huonekana kama linaanguka kinyumenyume. Nifanyeje?

Jibu la 1: Kule kuinua kamera ndiko kunakoleta kasoro hiyo. Rudi nyuma, ishike kamera bila kuiinamisha wala kuiinua, kubali lami nyingi ijae chini ya picha, kisha uikate baadaye. Anzia kwenye Sanamu ya Askari, iliyozinduliwa mwaka 1927. Fika Jumapili alfajiri, kabla daladala na bodaboda hazijachangamka.

Jibu la 2: Usilisahau Kanisa la Azania Front, ambalo ujenzi wake ulianza mwaka 1898, kwa kuwa mnara wake mweupe na vigae vyekundu hupendeza sana jua likiwa bado chini. Mimi niliwahi kuzuiwa na mlinzi nje ya ofisi fulani. Tangu hapo humwamkia mlinzi kwanza, kamera ikiwa bado mkobani.

Muulizaji: Nashukuru. Lenzi yangu ni ya milimita 50 tu, haichukui eneo pana.

Jibu la 1: Kwa sanamu inatosha. Kwa kanisa, vuka barabara ili lienee lote kwenye picha.