Eti "kalamu si bado iko?" Huyu mwenye samaki hapa Kisumu atanitoa roho

Rangi_za_Ziwa: Wadau, nina hasira hata chai haishuki. Yule mwenye hoteli ya samaki, mnamjua, wa gari jeupe na salamu ndefu, msinifanye nimtaje. Nimemchorea ngege, yaani tilapia, wa menyu na bango. Gamba moja moja, ndimu pembeni, ugali unafuka moshi. Saa hii nikifumba macho naona magamba tu. Nikamtumia sampuli ndogo kwa WhatsApp, na tumboni mwa samaki nimepitisha maandishi: SAMPULI, HAIJALIPIWA.

Akachapa hivyo hivyo! Bango la mita tatu, kila matatu ya Kondele inalisoma. Watu wanadhani ni jina la chakula. Kuna mzee ameagiza sampuli na ugali.

Leo nimeenda kudai changu. Mbele ya wateja ananiambia maandishi yangu yamemharibia samaki, niyatoe bure. Nikamwambia alipe kwanza. Akanyonya mfupa, akanitazama: "Nilipe nini? Kalamu si bado iko?"

KALAMU SI BADO IKO! Na sufuria yake si bado iko? Mbona samaki analipisha? Tableti yenyewe nailipia mkopo wa simu. Kalamu si bado iko. Jamani.

Kibuye_Boy: Kwani iko ama haiko?

Rangi_za_Ziwa: Pita na kule.

Mama_Bei: Alikupa nusu kabla uanze?

Rangi_za_Ziwa: Alisema nitajulikana.

Mama_Bei: Si umejulikana! Mji mzima unajua hujalipwa.

FundiBango: Wachoraji nyamazeni kidogo. Mnaleta picha imebanwa na WhatsApp mnataka mita tatu. Rangi ya skrini si rangi ya wino, kijani chenu kinatoka kama sukuma iliyolala, anayetukanwa ni mimi. Tumeni kama dokumenti. Menyu ni nukta 300 kwa inchi, ama muhame mji.

Rangi_za_Ziwa: Kumbe ni wewe ulichapa HAIJALIPIWA?

FundiBango: Mteja akileta, nachapa. Mimi alinilipa.

Rangi_za_Ziwa: ALIKULIPA???

Wakili_wa_Baraza: Sheria ya Hakimiliki ya 2001: kazi ikiagizwa, hakimiliki huhesabiwa imehamia kwa aliyeagiza, msipokubaliana vingine. Mliandikiana?

Rangi_za_Ziwa: Tulisalimiana.

Wakili_wa_Baraza: Pole sana dada.

Nyalenda_Moja: Nimepita hapo sasa hivi. Huyo si ngege, ni mbuta, sangara kabisa.

Rangi_za_Ziwa: NI NGEGE.

Dunga_Original: Pezi la mgongoni la ngege ni moja refu. La mbuta limegawanyika. Hebu piga picha tuone.

Nyalenda_Moja: Limegawanyika. Na mkia ni wa mviringo.

Rangi_za_Ziwa: Wadau, uzi ni wa pesa yangu!

Dunga_Original: Tulia kwanza, hili ni jambo kubwa. Lakini hata hao ngege wa hotelini, wangapi wanalijua ziwa? Wengine wametoka Uchina kwa barafu.

Nyalenda_Moja: Usiniguse hapo. Jumamosi nimeuziwa wa barafu kwa bei ya wa ziwa, na jamaa anaapa kwa mama yake amevuliwa alfajiri. Nyama inavunjika ukiitazama tu.

Mama_Bei: Ndiyo maana mimi ni omena tu, dagaa wangu. Mkebe wa gorogoro soko la Kibuye ni ngapi saa hii?

Kibuye_Boy: Inategemea. Ukienda na kiatu kizuri wanapandisha.

FundiBango: Na mchanga wanauza kwa kilo humo humo.