Naomba ushauri: nitayapataje majina ya wanajeshi wa anga waliofia karibu na Nakuru mwaka 1942?

Mjukuu wa Kibarua: Ndugu wanajukwaa, hamjambo. Marehemu babu yangu alikuwa kibarua katika shamba la setla karibu na Nakuru, na hadi uzeeni alisimulia habari za ndege ya Waingereza iliyoanguka mwaka 1942 ikiwa na vijana watatu, ambao yeye na wenzake waliwatoa wakiwa wameshakata roho. Aliamini kwamba iliangushwa na Waitaliano. Tumebaki na kipande cha bati jepesi, urefu wa mkono, kilichojikunja ukingoni na chenye safu mbili za ribiti. Kwa miaka mingi kimeziba tundu la banda la kuku. Shangazi yangu anataka kuwajua vijana hao, kwa kuwa babu hakuacha kuwaombea. Nianzie wapi?

Rubani Mstaafu: Pole kwa msiba huo wa zamani. Waitaliano sidhani, maana ngome yao ya mwisho Ethiopia, Gondar, ilisalimu amri Novemba 1941. Nakuru palikuwa na Kikosi cha Mafunzo Na. 70 cha jeshi la anga la Uingereza, ambako marubani waliokwisha kufuzu urushaji wa kawaida walijifunza kuzirusha ndege za mabomu za Blenheim, zenye injini mbili, pamoja na wenzao wawili, mwongoza njia na mpiga mzinga aliyeshughulikia pia redio. Hao ndio watatu wenu.

Mafunzo hayo yaliua sana. Nakuru iko mita 1,850 hivi juu ya usawa wa bahari, ambako hewa ni nyepesi kwa takribani moja ya sita, kwa hiyo ndege huhitaji mbio ndefu zaidi kabla ya kuinuka, hasa jua linapokuwa kali. Injini moja ikizimika ndege ikiwa bado na mwendo mdogo, huvutwa na kulalia upande wa injini iliyokufa, na rubani hubaki na sekunde chache tu. Katika Blenheim, vidhibiti vya pembe ya pangaboi vilikuwa nyuma ya rubani, akavipapasa bila kuviona. Kijana mgeni wa ndege hiyo angewezaje kulaumiwa? Katika kikosi kizima cha ndege za mabomu cha Uingereza, zaidi ya watu 8,000 walikufa mafunzoni na katika safari zisizo za vita.

Mhifadhi Nyaraka: Anza na makaburi ya Nakuru North, kisha tafuta katika orodha ya Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola, ambayo ni ya bure mtandaoni. Usitafute jina, tafuta mawe matatu yenye tarehe moja. Ukishaipata tarehe, omba kumbukumbu za kila siku za kikosi katika Hifadhi ya Taifa ya Uingereza iliyoko Kew, fungu la AIR 29. Jumba la makumbusho la jeshi la anga la Uingereza, Hendon, lina kadi za ajali zinazotaja chanzo. Hilo bati msilisugue kwa msasa, kwani huenda lina namba iliyogongwa. Na mkikuta risasi shambani, msiziguse, waiteni polisi.

Mjukuu wa Kibarua: Asanteni sana, wazee wangu. Tumelibandua bati leo na kuliosha kwa maji matupu, na chini ya ribiti ya nne kweli kuna herufi mbili na tarakimu zilizofifia. Jumamosi nitampeleka shangazi makaburini.