Meneja kaniambia "huenda ungependa", kumbe ni amri

Shikamooni wakubwa, habari zenu wengine.

Nina miezi minne Glasgow, nafanya keya, yaani kazi ya kuhudumia, kwenye nyumba ya wazee. Wiki iliyopita meneja kaniambia kwa upole kabisa, "Huenda ungependa kujaza maelezo ya zamu kabla hujaondoka." Nikamjibu nitajaza kesho, nikakimbilia basi. Kesho yake nikaitwa ofisini. Hakunigombeza, alitabasamu muda wote, lakini onyo likaandikwa. Sikulala.

La pili, nilimwambia mzee ninayemhudumia, "Ninyi Waingereza mnapenda chai!" Akanyamaza mpaka nikamaliza kumfunga vifungo vya sweta. Nimekosea wapi?

*

Marahaba mdogo wangu, pole sana.

Nianze na mzee, maana hapo umeponzwa na Kiswahili chetu. Sisi "Uingereza" ni ufalme wote, Wales na Ireland Kaskazini humo humo. Lakini Glasgow iko Uskoti, na Uskoti iliungana na Uingereza yenyewe, ile wanayoiita England, mwaka 1707, ila Mskoti hakugeuka Mwingereza. Mwaka 2014 walipiga kura ya kujitenga. Waliotaka kubaki walishinda kwa asilimia 55, ila hapo hapo Glasgow waliotaka kutoka walikuwa wengi. Ni sawa na kumwita Mzanzibari mtu wa bara halafu ungoje acheke. Mwombe radhi, mweleze kwamba kwetu neno ni moja.

Huyo meneja alikuamuru. "Huenda ungependa" maana yake fanya sasa hivi. Akisema kazi yako "si mbaya", furahi, amekusifu. Akisema "nitalifikiria", usingoje jibu. Jirani yangu aliniambia lazima nije siku moja tunywe chai. Jumamosi nikabisha hodi na sahani ya sambusa. Alifungua ana taulo kichwani, akaomba samahani mara nne, na kuingia sikukaribishwa. Siku hizi nasubiri mtu ataje siku na saa.

Usiseme wanafiki, nakusihi. Nani kwetu humwambia mgeni aondoke? Mara ngapi tumesema "nitakuja Mungu akipenda" na safari hatuna? Sikio la mafumbo unalo tayari, limezoea tu mafumbo ya nyumbani.

*

Naongezea kutoka Cardiff. Ukiwa na shaka, uliza waziwazi: "Unaihitaji leo kabla sijatoka?" Hawachukii kuulizwa. Na wakisema "uko sawa?" koridoni, hiyo ni salamu tu. Mimi nilisimama nikaeleza mgongo wangu, mwenzangu kashafika kwenye lifti.

*

Ahsanteni mno. Leo asubuhi nimemwomba mzee radhi. Akauliza, basi wao kwa Kiswahili wanaitwaje? Nikamwambia Mskoti. Amelirudia mpaka vifungo vimekwisha, kisha akaniomba nimwandikie kwenye karatasi amwonyeshe binti yake Jumapili.