Hela ya kijiji: zahanati ya pili au gari la wagonjwa?

mjumbe_kamati
Wadau habari zenu. Niko kwenye kamati ya afya ya kijiji, kuna hela imepatikana, siyo nyingi, na sasa tumegawanyika kabisa. Kundi moja linataka zahanati ya pili ng'ambo ya mto manake mvua zikikolea watu wa kule hawavuki, kundi lingine linang'ang'ania gari la wagonjwa. Mi naegemea jengo, jengo linabaki. Wenye uzoefu naombeni mawazo, siasa tuweke pembeni.

mkunga_wa_zamu
Mjumbe kabla ya jengo, hiyo zahanati mliyonayo saa nane usiku yupo nani? Nimefanya kazi sehemu vigae mpaka chooni, muuguzi mmoja, akiitwa semina mlango unafungwa. Mama akitokwa damu nyingi baada ya kujifungua anaweza kufa ndani ya masaa mawili asipotibiwa, na hapo usafiri haujatafutwa, hela haijachangwa, mume hajapatikana atoe ruhusa (hili la ruhusa linaniudhi mpaka kesho). Wataalamu tangu 1994 wanaongelea ucheleweshaji wa aina tatu, kuchelewa kuamua, kuchelewa kufika, na kuchelewa kuhudumiwa ukishafika. Jengo jipya litapunguza huo wa pili kidogo, ila wa tatu unaweza hata kuzidi manake wahudumu ni wale wale mnawagawa sehemu mbili.

dereva_mstaafu
Gari nalo mlifikirie vizuri. Linataka dereva wa zamu, mafuta, matairi, spea, na baada ya muda unalikuta limebeba viti vya mkutano. Ongeeni na wenye magari na pikipiki waliopo hapo hapo, bei ipangwe kabla, mfuko wa dharura ulipe, namba zao zibandikwe ukutani. Ila jamani mama mwenye kifafa cha mimba humpakizi pikipiki, lazima kuwe na gari hata moja la makubaliano.

fundi_majokofu
Mnabishana majengo na magari, jokofu nani kalikagua? Sindano ya oksitosini ya kuzuia damu inatunzwa nyuzi 2 hadi 8, chanjo hivyo hivyo. Kila mtu anaogopa joto, lakini ninachokutana nacho sana ni chanjo zilizoganda, mtu kazungusha kitufe mpaka mwisho akidhani baridi zaidi ndo usalama. Chanjo ya pepopunda au ya homa ya ini B ikishaganda haifai tena, hata ikiyeyuka ikaonekana nzima. Kuna jaribio la kutikisa, unachukua chupa unayoishuku na nyingine ya toleo lile lile uliyoigandisha makusudi ikayeyuka, unazitikisa pamoja afu unaziweka mezani unaangalia mashapo yanavyotuama chini. Unayoishuku ikituama taratibu kuliko mwenzake, nzima. Zikituama sawa, au yenyewe ikatangulia, tupa. Na mkinunua la sola chukueni lile lisilo na betri, linalotunza baridi kwenye barafu yake lenyewe, betri ndo hutangulia kufa na hela ya nyingine huwa haipo.

mkunga_wa_zamu
Fundi umenikosha. Niongezee tu kwamba pasipo na jokofu kuna vidonge vya misoprosto, na kuna karbetosini isiyoharibiwa na joto ambayo WHO iliipendekeza 2018 kwa ajili ya kuzuia hiyo hiyo damu. Mjumbe uliza huko wilayani kama mnaweza kuletewa.

wa_ngambo
Mnaongea vizuri ila naona wote mnakaa upande wenye barabara. Mto ukijaa hilo gari la makubaliano linapita wapi? Watu wa kule wanataka mhudumu wa afya wa jamii anayelala kule kule, mwenye kipimo cha haraka cha malaria, dawa mseto, ORS (ile chumvi ya kuchanganya na maji ya kunywa) na zinki, mtoto wa kuhara hatakiwi kusubiri maji yapungue. Ethiopia walianza mpango wao 2003, wakaajiri wanawake zaidi ya 30,000 kutoka vijiji vyenyewe, na kwa mshahara, siyo kwa fulana na makofi. Wajawazito wao wavushwe mapema, wiki za mwisho wakae nyumba ya kusubiria karibu na kituo chenye upasuaji na damu.

mjumbe_kamati
Duh, mmenivuruga kwa uzuri. Mshahara hela yetu haitaufikisha mbali, huo itabidi tuubananie halmashauri. Hiyo nyumba ya kusubiria ndo imenikaa, ila nishasikia sehemu zilijengwa zikakosa watu. Kuna aliyewahi kuiona inajaa?

mkunga_wa_zamu
Nimeiona. Ilijaa pale mama aliporuhusiwa kuja na mtoto wake mdogo na ndugu mmoja, na jiko lipo. Kwingine waliambiwa kila mtu aje peke yake, sasa hivi ni stoo ya magodoro.