Mjadala: Je, ni halali vita vya siri kugeuzwa kichekesho?

Ndugu zangu, naomba tulijadili jambo lililotugawanya hapa Kigoma baada ya baadhi yetu kuitazama filamu ya Charlie Wilson's War, iliyoongozwa na Mike Nichols na kutolewa mwaka 2007. Wapo wanaoisifu kwa kuwa inamchekesha mtazamaji huku ikimfundisha jinsi dola kubwa inavyopigana vita bila kuvitangaza. Wengine wanasema vita havichekeshwi kabisa. Mimi naipinga filamu hiyo, lakini sababu yangu si hiyo ya kundi la pili, maana mzaha umewahi kusema kweli nyingi ambazo hotuba zilishindwa kuzisema.

Kwa ambao hawajaiona: Tom Hanks anaigiza Charlie Wilson, mbunge wa Texas, mpenda pombe na starehe, ambaye kwa kushirikiana na ofisa wa CIA, shirika la ujasusi la Marekani, mwenye ulimi mkali anaongeza fedha za siri za kuwapa silaha mujahidina, yaani wapiganaji wa Kiislamu wa Afghanistan, waliokuwa wakipigana na majeshi ya Kisovieti yaliyoingia nchini mwao Desemba 1979. Saudi Arabia inachangia kiasi sawa na cha Marekani, silaha zinapitia Pakistan, makombora yanaanza kudungua helikopta, na Februari 1989 wanajeshi wa mwisho wa Kisovieti wanaondoka.

Tazameni sasa ni nani anayepewa mzaha wa kusema. Wanasiasa wa Washington wanao, maofisa wa ujasusi wanao, na hata marubani wa Kisovieti wanapiga soga kuhusu mapenzi wakiwa angani. Waafghani, ambao nchi ni yao na wafu ni wao, wanaonekana kama majeruhi wa kambini na kama wafyatua makombora, bila nafasi ya kubishana wala ya kumkatalia mgeni. Mtu asiyeruhusiwa kutania katika filamu ya utani amewekwa humo kama ushahidi tu.

Hoja nzito ya wanaoitetea ni mwisho wake, ambapo mbunge huyo anaomba dola milioni 1 za kujenga shule na kunyimwa, kisha tunasomeshwa maneno yake mwenyewe kwamba waliuharibu mwisho wa kazi. Nakubali kwamba sehemu hiyo inauma. Lakini inalihamishia kosa lote kwenye kuondoka, kana kwamba kuingia hakukuhitaji kuulizwa, ilhali fedha hizo zilipitishwa na watu wachache nyuma ya milango iliyofungwa, na filamu inauona uficho huo kuwa ni werevu wa kushangiliwa.

Sisi wa mwambao huu tuna sababu ya kulitazama jambo hili kwa makini zaidi. Mwaka 1965 mwanamapinduzi Che Guevara na wenzake kutoka Cuba walipita Kigoma, wakavuka Ziwa Tanganyika kwenda kuwasaidia waasi wa Kongo, huku upande wa serikali ya Kongo CIA ikiwa imeleta marubani ambao nao walikuwa Wacuba, waliomkimbia Castro, kiongozi wa Cuba, pamoja na boti za doria ziwani. Wacuba wakapigana na Wacuba katika nchi isiyo ya yeyote kati yao. Serikali yetu ndiyo iliyoruhusu njia hiyo, na mimi naamini Mwalimu alikuwa na sababu ya haki, kwa kuwa Lumumba, waziri mkuu wa kwanza wa Kongo, alikuwa ameuawa tarehe 17 Januari 1961, na kamati ya Seneti ya Marekani ilikuja kueleza mwaka 1975 kwamba CIA ilipeleka sumu Kongo kwa ajili ya kumwua. Hata hivyo siri ile nayo haikuwekwa mbele ya wananchi waliokaa ufukweni, kwa hiyo siwezi kumpima mbunge wa Texas kwa kipimo ambacho sitaki kukitumia kwetu.

Wanaoitetea filamu hii nawaomba wanijibu kwa uwazi: ingepoteza nini kama mkimbizi mmoja wa Kiafghani aliyeko Peshawar, Pakistan, angepewa maneno makali na ya kuchekesha kama yale ya yule ofisa wa CIA? Na kama mtu ataamua kutengeneza filamu ya namna hiyo kuhusu mwaka 1965 katika ziwa letu, wavuvi wa Kibirizi hapa Kigoma na wa Fizi, ng'ambo ya Kongo, wapewe kusema nini?