Tupeane uzoefu: siku ya mapumziko Arabuko-Sokoke, kutembea msituni na kutazama ndege

Mrihi
Wapenzi wa ndege, hamjambo. Likizo ya Desemba inakaribia na wengi watashuka pwani. Tupeane uzoefu wa siku moja tulivu katika msitu wa Arabuko-Sokoke, kama kilomita 20 kusini mwa Malindi. Tuandike ya kutendeka, ili anayekuja mara ya kwanza asirudi na shingo iliyokaza na daftari tupu.

Naanza na saa. Uwe langoni upande wa Gede saa 12 asubuhi. Ndege huimba na kula kwa bidii tangu mapambazuko hadi kama saa 4, kisha joto huwanyamazisha mpaka saa 10 alasiri. Anayesubiri chai ya hotelini akafika saa 3 amejinyima sehemu bora ya siku. Chai itiwe kwenye thamosi, mahamri yafungwe, vinywewe na kuliwa huko huko kivulini.

Kigong'ota
Darubini inaharibia watu siku kuliko mvua. Kwa msitu chukua 8x42. Nane ni ukuzaji, 42 ni kipenyo cha lenzi ya mbele kwa milimita. Gawanya 42 kwa 8, upate upana wa mwanga unaofika jichoni: zaidi kidogo ya milimita 5. Ile ndogo ya mfukoni, 8x25, hutoa milimita 3 tu, na chini ya miti ndege wote wanakuwa weusi. Ya mara 10 nayo hutikisika mkononi, na eneo unaloliona huwa finyu.

Irekebishe kabla ya kuingia. Kunja au panua mapipa mawili mpaka uone duara moja. Funga jicho la kulia, zungusha gurudumu la katikati mpaka gome la mti ulioko mita 20 lionekane wazi kwa jicho la kushoto. Sasa funga la kushoto, usiguse gurudumu la katikati. Zungusha pete ya upande wa kulia mpaka gome lile lile liwe wazi. Kumbuka alama ya pete. Siku nzima utagusa gurudumu la katikati tu. Mwenye miwani ashushe vikombe vya macho, la sivyo ataona tundu dogo.

Na ukimwona ndege, usiinamie darubini kuitafuta. Macho yabaki kwa ndege, darubini ndiyo iletwe machoni.

Bi Mkoko
Asante Kigong'ota, hilo la mwisho huwashinda wengi. Mimi naomba mtu aeleze msitu wenyewe, maana mgeni hudhani ni pori moja.

Mrihi
Kweli, dada. Ni aina tatu, na udongo ndio unaokuambia uko wapi. Upande wa mashariki, karibu na barabara kuu, ni msitu mchanganyiko wenye mibambakofi. Katikati ni mchanga mweupe na miti ya mirihi iliyoachana, mwanga unapita. Magharibi ni udongo mwekundu na vichaka vizito ambamo huwezi kuona mita 5.

Kwenye mirihi usitafute ndege mmoja mmoja. Huko wanatembea kwa makundi mchanganyiko juu ya vilele, na humo ndimo hupita yule mnana wa Clarke, ambaye duniani anaishi kaunti ya Kilifi tu. Dakika 20 kimya, halafu ghafla ndege wa aina kumi juu ya kichwa. Kosa kubwa ni kuwakimbilia kwa nyuma: utaona mikia. Tazama wanaelekea wapi, zunguka uwatangulie mita 30 au 40, egemeza mgongo kwenye shina na usimame. Shina hilo ndilo linaloiokoa shingo.

Kwenye udongo mwekundu analala bundi mdogo wa Sokoke, sentimita 16 hivi, wa kijivu au wa rangi ya kutu. Peke yako hutamwona mchana. Waongozaji wa hapo wanazijua sehemu anazolala. Msikaribie kupita anapoonyesha mwongozaji, wala msiwashe flashi.

Siafu
Mwongozaji ni wa lazima pia kwa sababu ya ndovu. Kinyesi chenye unyevu au tawi lililovunjwa majani yakiwa bado mabichi: geukeni.

Suruali ndefu ya rangi nyepesi, miguu yake ichomekwe ndani ya soksi, kwa ajili ya kupe. Maji lita 2 kwa kila mtu. Mkikuta msafara wa siafu, msiuruke mkaenda zenu. Simameni mita 4 pembeni, robo saa. Wadudu wanaokimbia siafu huwavuta ndege wa chini ya vichaka ambao kwa kawaida husikika tu. Na majani makavu yakichakarika kwa mdundo, angalieni chini: huenda ni sange mwenye kiuno cha dhahabu, mnyama mdogo mwenye pua ndefu.

Kigong'ota
Tafadhali, msicheze sauti za ndege kwenye simu kuwaita. Ndege hudhani mpinzani ameingia eneo lake, anaacha kula na kulisha makinda aje kupigana na sauti.

Bi Mkoko
Alasiri teremkeni hori ya Mida, mkono wa bahari ulio jirani. Lakini angalieni maji kwanza. Yakiwa yamekupwa, ndege wako mbali mno matopeni. Yakiwa yamejaa kabisa, wameondoka. Fikeni ukibaki muda wa kama saa mbili na nusu kabla ya maji kujaa, mpite daraja la mbao katikati ya mikoko hadi kibanda cha kutazamia ndege, mkae. Maji yanavyopanda yanawasukuma kuja kwenu. Mtafuteni yule mweupe na mweusi mla kaa, mdomo mnene kama kisu; huzaa kwenye mashimo ya mchanga pwani za Somalia, Bahari ya Shamu na Ghuba, kisha huja huku. Kila siku maji huchelewa takriban dakika 50, kwa hiyo saa aliyokupa rafiki wa wiki jana haikufai.

Mrihi
Maji yakijaa asubuhi, je?

Bi Mkoko
Basi Mida iwe siku nyingine. Alasiri hiyo rudini kwenye mirihi saa 10.